Vidole Vinne Begani

Somo la tatu liliitwa "Kumwondoa mtu asiyetakiwa katika picha". Nilikisoma kichwa hicho asubuhi moja kabla ya kuwafungulia wateja mlango, nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikakaa. Mfano waliotoa ulikuwa wa bwana na bibi waliosimama kando ya maji, na nyuma yao mwanamke mwenye kikapu anapita zake, hana habari. Mwalimu wa somo, ambaye simjui na wala haoni anayemfundisha, alieleza kwa upole: mzungushie mstari, mfute, kisha chota mchanga wa pembeni uumwage pale alipokuwa amesimama. Hakuna atakayejua kwamba alikuwepo, alimalizia, kana kwamba hiyo ni sifa.

Nina sekretariati hapa Uvira, yaani chumba kimoja kando ya barabara ambamo watu huja kuandikisha barua, kutoa fotokopi na kujaza karatasi za ofisini. Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza mwenyewe, kwa programu za bure ambazo watu hupeana bila kuuziana, na kwa daftari ambalo ninaandika kila hatua kwa namba yake, niisome tena nikisahau. Nilianza na barua, nikaendelea na majedwali, kisha michoro ya visanduku na mistari. Picha nilizifikia mwisho, nikiwa tayari mtu wa makamo mwenye miwani. Katika somo la kwanza nilijifunza kupunguza kingo, katika la pili kuongeza mwanga. La tatu likanirudisha kwenye mkeka wa Baba Mukubwa, kaka ya baba yangu, nikiwa na miaka tisa na makasi mkononi.

Sikufungua somo hilo kwa kupenda. Siku chache kabla, mwana wa mwisho wa Baba Mukubwa, Bahati, aliniletea picha katika bahasha. Ukoo wote ulikuwa unakwenda kukutana Nyakabere, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza bango: juu picha za wazee, chini mchoro wa ukoo.

"Yaya, weye ndiye unajua hizi mashini," aliniambia, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Hii foto iko na tundu. Uizibe tu muzuri, utie ukuta ao majani. Na hivi vidole, uviondoe. Vinaogopesha batoto."

"Unajua ni vidole vya nani?"

"Ah, Yaya! Ni mambo ya zamani hiyo. Minye nilikuwa sijazaliwa."

Hilo la mwisho ni kweli, na ndiyo sababu sikumfukuza.

Picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ilipigwa katika studio moja ya hapa mjini ambayo haipo tena. Nyuma yetu kuna pazia lililochorwa ziwa na milima, ingawa ziwa lenyewe na milima yenyewe vilikuwa nje ya mlango. Baba amekaa kwenye kiti, amevaa koti la kuazima. Mimi nimesimama mbele, soksi moja imeshuka. Upande wa kushoto, pale ambapo panapaswa kuwa na mtu, kuna tundu lenye umbo la mtu. Tundu hilo lina mabega, lina kiuno, lina sketi inayotanuka chini, lina miguu miwili. Na kwenye bega langu viko vidole vinne ambavyo havina mwenyewe.

Mwenyewe ni mama yangu.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na harufu ya utoto wangu ni mafuta ya ile mashini yaliyochanganyika na chaki ya kuchoria kitambaa. Hata leo mtu akipita na baiskeli aliyoipaka mafuta, nageuka. Kabla sijajua kusoma vizuri alikuwa amenifundisha kukata, kwanza kwenye karatasi za mifuko ya sementi, kwa sababu kitambaa cha mteja si cha kujaribia. Makasi yake yalikuwa mazito, nikiyashika kwa mikono miwili.

"Usikimbize makasi," alikuwa akiniambia. "Makasi ibakie pale pale. Zungusha karatasi."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea, umekosea. Kitambaa haina kusamehe."

Nilizungusha karatasi. Nilikata maua, nikakata herufi, nikakata samaki mwenye magamba, kila gamba likibaki limeshikamana. Wateja walisema mtoto huyu ana mkono. Mama akaanza kuniachia kukata kola.

Baba alipokufa nilielewa kwamba amekufa. Hilo mtoto wa miaka tisa analielewa. Yaliyofuata ndiyo sikuyaelewa. Matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo walikaa chumbani na Baba Mukubwa, mlango ukafungwa. Nilisikia kwa nje, mara tatu au nne, sauti ikipanda: "Amekataa! Mwanamuke amekataa!" Mimi nilijua kitu kimoja tu ambacho mtu mwenye msiba hukataa, nacho ni chakula. Nikaenda jikoni, nikapakua bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikampelekea mama mahali alipokaa.

"Mama, kula. Banakasirika juu unakataa."

Aliitazama ile sahani. Akacheka, kisha akalia, kisha akala yote, nikiwa namtazama, hadi tonge la mwisho. Niliondoka na sahani tupu nikidhani nimemaliza ugomvi.

Alichokataa ni kurithiwa. Desturi ilisema mjane abaki katika ukoo, achukuliwe na ndugu wa marehemu, na Baba Mukubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza katika mstari. Mama alisema ana mashini yake na mikono yake na mtoto wake, haombi kitu. Wakamjibu kwamba mashini na mikono aende navyo. Mtoto ni wa ukoo.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku yenyewe nilitoka shuleni nikakuta barazani alama nne za miguu ya cherehani kwenye udongo, na harufu ya mafuta bado ipo. Chini ya mto wangu palikuwa na makasi, yamefungwa katika kipande cha kitambaa cha sare. Hakuacha neno. Alijua nitaelewa kwamba fundi hasahau makasi.

Siku iliyofuata Baba Mukubwa aliniita nyumbani kwake. Picha ilikuwa imetolewa ukutani, iko juu ya mkeka.

"Mama yako amekwenda Bujumbura kutafuta kazi ya kushona," alisema. "Ku mpaka banaomba foto, bila foto hapiti. Hii ndiyo iko. Weye uko na mukono muzuri. Mukate pole pole, tumutumie."

Jambo hilo halikunishangaza hata kidogo. Sisi ni watoto wa mpakani. Nani kati yetu, watu wa umri wangu, hakuona picha ya arusi imekatwa kichwa kimoja ili kibandikwe kwenye karatasi ya kuvukia? Ukutani kwa jirani yetu palikuwa na bwana arusi aliyeshikana mkono na bibi arusi mwenye dirisha mahali pa uso. Ilikuwa kazi ya kawaida. Nilijiona nimepewa heshima.

Sasa naujua ukweli wa heshima ile. Baba alikuwa katika picha hiyo hiyo, na katika watu wazima wa nyumba ile hakuna aliyethubutu kupeleka chuma karibu na uso wa marehemu. Waliogopa. Wanaume wenye ndevu, waliokaa chumbani na kupiga kelele, waliogopa karatasi. Kwa hiyo walimwita mtoto, kwa sababu waliamini kwamba mtoto hana hatia na lawama haimshiki. Nimeishi na lawama ile zaidi ya miaka thelathini, na naweza kuwahakikishia kwamba inashika.

Nilikata mchana wote. Baba Mukubwa alitaka kichwa na mabega, lakini nilifikiri kwa makini. Kama mama anakwenda Bujumbura, anahitaji miguu. Kuna daraja la kuvuka, na mji ule ni mkubwa. Basi nilimkata mzima. Nilianza kwenye kilemba, nikashuka begani, nikazunguka kiwiko, nikafuata pindo la sketi hadi viatu, kisigino kwa kisigino. Sikukimbiza makasi. Nilizungusha picha. Nilifika kwenye mkono wake wa pili, na hapo nikakwama, kwa sababu mkono ule ulikuwa begani kwangu. Kuutoa, ingenibidi nikate bega langu mwenyewe. Nilifikiri sana. Mwishowe nikakata kwenye kifundo, nikaviacha vidole pale vilipo. Nilijiambia kwamba mkono mmoja unamtosha kwa safari, na huu mwingine ubaki unishike hadi atakaporudi.

"Umekata muzuri," alisema Baba Mukubwa. Alimchukua mama kwa ncha za vidole akamtia mfukoni.

Kesho yake asubuhi Mama Mukubwa, mke wake, alinituma kumwaga majivu ya mbabula, jiko la makaa. Humo ndani, kati ya vipande vya makaa, niliona kiatu. Kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kimekunjamana kwa moto, lakini kisigino nilikijua, maana nilikikata mwenyewe. Kilitoa harufu kali ya kemikali iliyonibana pua.

"Mama Mukubwa, miguu ya mama iko mu majivu."

Hakugeuka. Alikuwa anachambua maharagwe, na mikono yake ilisimama kidogo tu.

"Nyamaza. Mwaga majivu."

Nikamwaga. Na mtoto ana akili ya kujitafutia maelezo pale wakubwa wanapomnyima. Nilijiambia: ku mpaka wanataka kichwa, minye nimekata zaidi, wamelazimika kuondoa miguu iliyozidi. Nilijilaumu kwa kuharibu kazi. Sikumlaumu mwingine yeyote.

Kuanzia hapo nilikuwa nikishuka ziwani kila asubuhi isiyo na ukungu. Ukisimama ufukweni kwetu unaiona Bujumbura ng'ambo, majengo yake meupe, karibu kana kwamba ukiita watasikia. Nilipunga mkono. Watoto wengine walinicheka.

"Unasalimia nani, weye? Ni nyumba ngapi zinakuitika?"

"Mama yangu iko pale."

"Mwambie basi atutupie mkate!"

Nilipunga hivyo miaka mitano. Nilipochoka kupunga, nilianza kumkasirikia. Karibu vile, nilifikiri, na hata mara moja hajavuka kuja kuniona. Baba Mukubwa hakunikatalia. "Ng'ambo kunasahaulisha," alikuwa akisema, na kuendelea kula.

Nilikuwa na miaka kumi na minne alipofika darasani kwetu msichana mgeni mwenye blauzi mpya. Alikaa mbele yangu. Nilitazama mshono wa bega lake saa nzima ya hesabu. Matundu ya vifungo yalikuwa yamefungwa kwa mafundo mawili madogo upande wa chini, si juu, kama alivyofunga mama, na kola ilikatwa kama ninavyokata mimi.

"Nani alikushonea?"

"Fundi mumoja wa kwetu, Sange. Nyuma ya soko."

Sange. Si Bujumbura. Sange, kwenye uwanda, barabara ile ile inayopita mbele ya shule yetu, safari ya basi dogo ambayo muhogo wa kuchoma ulioununua stendi hauishi kabla hujafika. Miaka mitano nilikuwa nimesimama ziwani nikipungia mji ambao mama yangu hakuwahi kukaa.

Nilimkuta amekaa kwenye cherehani ile ile, na nyuma yake magunia ya mpunga ya mwenye nyumba. Hakupiga kelele. Alisimama, akanipima kwa macho toka bega hadi bega kama mteja, kisha akanishika. Aliniambia walimkataza kukanyaga Uvira. Akionekana, nitaondolewa shuleni nipelekwe milimani kuchunga. Naye akakubali kunikosa ili nisome. Kisha aliniuliza swali ambalo nilijua amelibeba muda mrefu.

"Baliniambia weye mwenyewe ulinikata mu foto. Na makasi yangu. Ni kweli?"

Hivyo ndivyo walivyoitumia. Haikuwatosha kumtoa ukutani. Walimpelekea habari kwamba mtoto wake amemkata kwa hiari, ili asiwe na sababu ya kurudi.

"Ni kweli," nilisema. "Banasema ni ya ku mpaka."

Alitazama mikono yangu. Nilidhani ananihukumu. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kazi:

"Ulizungusha karatasi, ao ulikimbiza makasi?"

"Niliizungusha."

"Muzuri," alisema, na hapo ndipo tulipolia.

Mama alifariki mwaka jana, Sange, akiwa na kitambaa cha mtu mezani. Ukoo wa baba haukuleta hata mwakilishi.

Sasa mnaelewa hasira yangu juu ya somo la tatu. Na bado nililisoma hadi mwisho, nikaandika hatua zake kwenye daftari, namba moja hadi kumi na moja. Kutojua hakujawahi kunilinda na kitu chochote. Nilijifunza kifaa kinachoitwa tampo, ambacho huchota sehemu moja ya picha na kuigonga juu ya nyingine. Nilijifunza kazi ya matabaka: unaweka karatasi isiyoonekana juu ya picha, unachora juu yake, na ya chini haiguswi. Na nilijifunza kitufe cha kurudi nyuma, kinachofuta kosa kana kwamba halikutendeka. Kitufe hicho nilikibonyeza na kukirudia mara nyingi kuliko somo lilivyohitaji.

Nilijaribu kuziba tundu. Ni rahisi, na ndilo lililoniudhi zaidi. Nilichota ziwa la pazia, nikaligonga, na katika dakika kumi mama akawa maji. Nilikuza bega langu hadi likajaza kioo chote. Vidole vilikuwa vimegeuka viraka vya kijivu, lakini ukucha wa shahada ulionekana umebapa upande mmoja, pale sindano ya mashini ilipopita siku moja nikiwa mdogo. Nikabonyeza kurudi nyuma hadi maji yote yakaondoka.

Ninayo picha nyingine ya mama, ya uzeeni. Ningeweza kuipandikiza pale, tabaka juu ya tabaka. Sikufanya hivyo pia. Huo ungekuwa uongo wa pili kuuficha ule wa kwanza. Nilisafisha madoa, nikaongeza mwanga, nikaacha tundu jeupe na kingo zake za makasi. Ndani yake nikaandika jina lake, kwa herufi ndogo zilizonyooka.

Kisha nikaushika mchoro wa ukoo. Bahati alikuwa ameniletea ukurasa wa daftari. Wake wote wa ukoo waliandikwa kando ya waume zao. Kutoka kwa baba yangu mstari ulishuka moja kwa moja hadi kwangu, kana kwamba alinizaa peke yake, kama muhogo, ambao ukikata kipande cha mti wake na kukichomeka ardhini kinaota. Katika programu ya michoro mstari hushikamana na kisanduku. Ukikisogeza, nao unafuata. Nilichora kisanduku cha mama, nikavuta mstari, nikausikia moyoni uliponasa.

Nyakabere tulikutana chini ya maturubai. Bango lilipofunguliwa watu wazima walilisoma upande wa juu, wakasoma upande wa chini, wakaanza kuongea habari za mvua. Baba Mukubwa, aliyezeeka sasa, alisogezewa kiti. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bahati, si ulisema itazibwa?"

"Ninajua kuiziba, Baba Mukubwa," nilijibu mimi. "Inachukua dakika kumi."

"Sasa?"

"Ile tundu nilikata minye. Weye ndiye ulinituma. Sikati mara ya pili."

Mjukuu mmoja wa Baba Mukubwa, msichana wa miaka saba hivi, alikuwa amefika karibu na bango, akaweka kidole juu ya bega langu la utotoni.

"Hii mukono ni ya nani?"

Bahati alimvuta kwa nguo. Msichana akajinasua, akauliza tena, kwa sauti zaidi. Mama Mukubwa ndiye aliyejibu, kutoka kwenye mkeka wake, bila kuinua uso.

"Ni ya Mapendo. Mama ya huyu. Alikuwa fundi."

Niliyangojea maneno hayo tangu asubuhi ya majivu, na yalipokuja hayakunipoza. Yalikuwa machache mno. Yangetosha siku ile mbele ya mbabula, yakasemwa kwa kunong'ona pamoja na mahali alipo, na mtoto angepata basi la asubuhi. Sikumshukuru.

"Na yeye mwenyewe alikwenda wapi?" msichana aliuliza.

Walimtazama Baba Mukubwa, naye alitazama viatu vyake.

"Sange," nilimwambia mtoto. "Alikuwa Sange siku zote. Nyuma ya soko."